Mtuwekee Mshale Kwanza, Ambulensi Baadaye



Mwezi uliopita jumuiya yetu ilikaa kikao kwa mtandao. Wengine walikuwa Uingereza, wengine Marekani, wawili Muscat, na mimi hapa Guangzhou ambako ilikuwa imeshagonga saa nane usiku. Ajenda ilikuwa moja tu: fedha tulizochanga kwa miaka miwili zifanye nini nyumbani. Katibu akasoma mapendekezo. La kwanza, tununue ambulensi mbili zilizotumika. La pili, tununue vitanda vya wodini. La tatu, ambulensi moja na vitanda vichache, yaani ile suluhu ya kisiasa ambayo haimuudhi mtu.

Nikaomba nafasi. Nikasema jamani, mimi napendekeza vibao. Vibao vya barabarani, vyenye mshale, vinavyomwongoza dereva kutoka barabara kuu mpaka mlango wa hospitali yenye huduma ya dharura, usiku na mchana.

Kikao kizima kilicheka. Ndugu mmoja ambaye namheshimu sana akasema, "Huyu amekaa China mno, sasa anatafuta tenda ya mabati." Mwingine akauliza mgonjwa atalala juu ya kibao au atapakiwa juu ya kibao. Nilinyamaza kwa sababu utani ulikuwa mzuri na saa zilikuwa zimekwenda. Lakini jambo hili nimelibeba kifuani zaidi ya miaka kumi, na sasa nalitoa lote. Atakayeudhika aniwie radhi.

Kwanza niwapeleke Liuhua.

Kwa wasioijua Guangzhou, Liuhua ni eneo lililo jirani na kile kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka 1974. Jina lenyewe maana yake ni maua yanayotiririka, ingawa sisi tulioishi pale tunajua kinachotiririka ni mabelo ya nguo. Yale maonyesho makubwa ya biashara yaliyoanza mwaka 1957 yalifanyika pale pale Liuhua kuanzia 1974 mpaka 2008, yalipohamia Pazhou moja kwa moja. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala walipoanza kumiminika huku miaka ya 2000, walipanga vyumba Xiaobei na Sanyuanli. Kutoka huko hadi masoko ya Liuhua ni dakika chache kwa teksi. Ijumaa wengi wetu tunaswali katika msikiti ulio karibu na Jiefang Bei, pale penye kaburi linalosemwa ni la Swahaba Saad bin Abi Waqqas. Kwa kifupi, pale ni kama kwetu, ila mabango hatuwezi kuyasoma.

Oktoba 2007 nilikuwa na mzee mmoja wa Kariakoo, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, aliyekuja kuchukua mzigo wa suruali za watoto. Nilikuwa na miaka miwili tu China. Kichina changu kilikuwa cha namba na cha kuomba bei ipunguzwe. Mchana ule, katikati ya vibanda, mzee akashika kifua, akakaa juu ya belo, kisha akalala. Jasho lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaniambia, "Mwanangu, usiniache hapa."

Namba ya gari la wagonjwa nilikuwa naijua, ni 120, imeandikwa kubwa ubavuni mwa magari yao. Lakini nipige niseme nini? Niko wapi, na kwa lugha gani? Muuza duka akatusaidia kumbeba hadi nje tukamtia kwenye teksi. Hapo nikagundua kwamba dereva naye ni mgeni. Alikuwa ametoka mkoa wa Hunan, na wiki zake mjini hazikuzidi tatu. Nikamwonyesha kifua cha mzee, akaelewa. Lakini hospitali iko wapi hakujua, na mimi sikujua.

Sasa sikilizeni. Hakuuliza mtu. Alitoka kwenye ile foleni ya kituo cha treni akashika Renmin Bei, na mbele kidogo juu yetu kukawa na kibao cha buluu chenye msalaba na mshale. Akakata. Njia panda iliyofuata, kibao kingine. Kisha kingine, kidogo, pale ambapo mtu angeweza kukosea akapita moja kwa moja. Tulipofika getini hakukuwa na mlinzi wa kumwuliza wala haja ya kuuliza, maana ndani ya ua kulikuwa na maandishi mawili mekundu yanayowaka taa, nayo yanasomeka jizhen, yaani dharura. Chini, juu ya lami, mshale umepakwa rangi mpaka kwenye mlango wenyewe. Machela ikatokea.

Siku ya tatu, mzee akiwa anakula uji, nilirudi njia ile kwa miguu nikahesabu. Vibao vinne na mshale mmoja chini. Ndivyo vilivyomfikisha mzee wangu mbele ya daktari, akiendeshwa na mtu asiyeujua mji, na kusindikizwa na mtu asiyejua kusoma. Mzee alirudi Kariakoo, akaishi miaka sita zaidi, akaozesha binti wawili.

Sitaki mtu aje hapa kusema nawasifia Wachina. Dirishani walitaka amana ya fedha kabla ya vipimo vilivyofuata, tukachangishana pale pale kwenye korido, Watanzania na Wakenya na Mganda mmoja. Na Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wa mji huu walifukuzwa kwenye vyumba vyao na mahoteli wakalala barabarani, dunia nzima ikaona. Sijasahau. Lakini mtu akikufanyia ubaya haimaanishi taa yake ya barabarani haiwaki. Mshale ule ulikuwa wa kila mtu, hata mimi.

Sasa twende nyumbani.

Mwaka 2012 shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa anarudi kutoka Mbeya na Noah usiku. Gari iligonga lori lililoharibika likaachwa barabarani na majani ya miti yamewekwa nyuma yake kama alama (hiyo nayo ni mada ya siku nyingine, taifa linaloonya kwa matawi). Ilikuwa kama saa nane. Magari mawili yalipita bila kusimama. La tatu likasimama. Lilikuwa semi la Zambia, dereva Mzambia, Kiswahili chake kidogo, mwenyewe anaelekea Dar. Yule bwana, Mungu ambariki popote alipo, aliwapakia majeruhi watatu kwenye kabini pamoja na utingo wake, akaondoka.

Akafika kwenye mji wa kwanza. Sitautaja mji wala hospitali, maana sitafuti kesi na mtu. Hospitali ilikuwepo, ina daktari wa zamu na ina chumba cha upasuaji. Iko nyuma ya soko. Mzambia akapita mji ule mwanzo mpaka mwisho, taratibu, macho yakitafuta, hakuona kitu. Saa nane na nusu usiku hakuna wa kumwuliza. Sheli imefungwa. Akaona mji umeisha, akadhani hapana hospitali, akakanyaga mafuta kwenda mji unaofuata. Huko alikofika akaelekezwa kwenye kituo ambacho usiku kinalala. Shemeji alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri. Wale wawili walipona.

Nilikwenda baada ya arobaini. Mdogo wangu aliniomba nisiende, nikaenda. Nilipima kwa hatua kutoka barabara kuu hadi geti la hospitali ile ya mji wa kwanza. Hatua mia nne na kumi. Pale njia panda nikahesabu vibao: gesti mbili, baa moja, kanisa moja, shule ya sekondari ya binafsi, fundi wa betri, na mganga anayetibu nguvu za kiume na kurudisha mali iliyoibwa. Saba. Vyote vina mshale. Mganga alikuwa na mishale miwili na namba ya simu.

Hospitali nayo ilikuwa na kibao, tena kikubwa na kizuri, chenye nembo ya soda upande mmoja. Kimewekwa getini. Yaani unakiona ukishafika, kama mtu aliyevaa kitambulisho ndani ya shati.

Sisemi shemeji angepona. Daktari mmoja wa pale, kijana muungwana, aliniambia kwa maelezo aliyosikia huenda damu ilikuwa imemwisha. "Lakini kaka, tulikuwepo," akasema. "Tulikuwa macho usiku ule." Neno hilo ndilo lililoniuma zaidi kuliko kifo chenyewe. Walikuwa macho, taa inawaka, na semi likapita hatua mia nne kutoka kwao.

Basi nisikilizeni mlionicheka.

Mnasema ambulensi. Haya, ambulensi itampata vipi majeruhi? Nani ataipigia, na namba gani, akiwa wapi? Kwetu aliyeumia barabarani hafiki hospitali kwa ambulensi. Anafika kwa gari la mpita njia, kwa bajaji, kwa bodaboda akiwa ameshikiliwa katikati kama gunia, kwa lori la mtu wa nchi nyingine. Msamaria mwema ndiye ambulensi yetu, na mara nyingi si mwenyeji. Huyo ndiye anayehitaji kusaidiwa, na msaada anaouhitaji ni mdogo kuliko wote: aambiwe kata kulia.

Ipo huduma nzuri ya m-mama, iliyozinduliwa kitaifa Tanzania mwaka 2022, ambayo mtu anapiga 115 bure na mama mjamzito au mtoto mchanga anachukuliwa, hata kwa dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa na kulipwa. Naipongeza kwa dhati. Lakini tazameni kwa nini inafanya kazi: dereva yule ni mwenyeji, njia anaijua usingizini. Majeruhi wa barabara kuu hana dereva mwenyeji, maana barabara kuu ni ya wageni, ndiyo kazi yake.

Na hizo ambulensi zetu za ughaibuni tunazijua. Zinapokelewa kwa ngoma, mheshimiwa anakata utepe, jina lake linaandikwa ubavuni kubwa kuliko neno ambulensi. Mwaka wa pili inatafutwa betri, wa tatu inaota majani nyuma ya ofisi. Sisemi zote. Nasema nyingi kiasi kwamba kila mmoja wenu anayesoma hapa anaikumbuka moja anayoijua yeye. Kibao hakina spea wala hakinywi dizeli, na hakisubiri dereva aliyekwenda msibani.

Mtasema tena, "Hakuna maana ya kuonyesha njia ya kwenda hospitali isiyo na huduma." Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo ninayoipenda, maana ndiyo inayonipa ushindi.

Wenzetu kibao cha hospitali hakiwekwi kwa sababu jengo lipo. Kinawekwa kwa sharti. Mlioko Uingereza mnakiona kila siku: herufi H nyeupe juu ya nyekundu maana yake hospitali ina kitengo cha ajali na dharura. H juu ya buluu maana yake hospitali ipo lakini dharura usipeleke hapo. Rangi moja tu, na dereva asiye hata na chembe ya udaktari anajua aende au apite. Mlioko Marekani, kile kibao cha buluu chenye H mnachokiona kwenye njia kuu kinatakiwa kiwekwe kwa hospitali yenye huduma ya dharura saa 24 kila siku pamoja na daktari wa zamu. Vituo vya huduma ya dharura visivyo hospitali vinaweza kuonyeshwa kwa alama nyingine, nyota ya buluu yenye mikono sita na fimbo iliyozungukwa na nyoka. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani unatenganisha alama ya hospitali na alama ya kituo cha huduma ya kwanza. Watu wazima walikaa wakabishana juu ya mambo haya kwa sababu waliona tofauti yake ni roho ya mtu.

Kumbe basi kibao ni ahadi. Serikali inayoweka H nyekundu njia panda inasema mbele ya wote kwamba hapa usiku wa manane yupo mtu. Na akikosekana, kibao kinashitaki. Ambulensi ikikosekana hakuna anayejua, maana hakuna aliyeahidiwa kwa maandishi. Hii ndiyo sababu, kwa maoni yangu, vibao havipo. Bati si ghali hivyo. Kinachoogopwa ni kujifunga.

Na hoja ya kwamba huduma haipo imeanza kuchakaa. Muhimbili ilifungua idara yake kamili ya dharura mwaka 2010, na mwaka huo huo wakaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo pale pale. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga idara za dharura katika hospitali nyingi mikoani na wilayani. Majengo yamesimama, mengine mazuri kuliko tulivyozoea. Sasa nawauliza: mmejenga mlango, kwa nini mnaficha njia? Ungejenga duka la namna hiyo Kariakoo bila bango wangekuita mwehu.

Chukueni Iringa kwa mfano, kwa sababu kila mtu wa njia ile anaijua. Barabara kuu inapita chini, Ipogolo, na mji wenyewe uko juu kilimani. Mgeni anayekuja usiku kutoka Tunduma anaona maduka ya kando ya njia, anadhani huo ndio mji wote. Hospitali ya mkoa iko juu kule asikoweza kukuona. Mwenyeji atasema "lakini kila mtu anajua". Kila mtu nani? Mwenyeji haumii peke yake kwenye barabara ile. Inapitisha Zambia nzima na Kongo nusu.

Mwingine ataleta hoja ya simu. Siku hizi kuna ramani kwenye simu, za nini bati? Ndugu yangu, umewahi kushika usukani wa semi na mtu anakoroma damu pembeni yako, ukatafuta ramani? Bando limeisha, chaji asilimia tatu, mtandao unakuja na kwenda. Na hata ikifunguka, ramani inakuonyesha zahanati, duka la dawa, hospitali ya macho na kliniki ya meno zote kwa alama moja. Hapa China wana simu na ramani kutushinda sote, na vibao vya Liuhua bado vipo palepale.

Halafu kuna chuma chakavu. Hili nalikubali. Vibao vyetu vinang'olewa usiku vikauzwa kwa kilo, na mshale wa hospitali utaishia kuwa sufuria. Lakini gesti zile mbili pale njia panda zilikuwa na vibao vya bati, na mwaka wa pili nilipopita vilikuwepo bado. Kwa sababu vina mwenyewe. Kila mtu anajua ukiking'oa kibao cha gesti mwenye gesti atakutafuta. Kibao cha serikali hakina mwenyewe. Basi tukipe mwenyewe: kila kimoja kiandikwe namba, hospitali ikabidhiwe orodha, na mganga mkuu aulizwe kila robo mwaka viko vingapi. Na nguzo inaweza kuwa ya zege. Mwizi gani atauza zege?

Nami naongeza jambo ambalo mafundi wa barabara wanalijua kuliko mimi. Kibao kimoja hakifai kitu. Kinatakiwa kuwa mnyororo: kimoja kabla ya njia panda ili dereva wa gari kubwa apate nafasi ya kupunguza mwendo, kimoja kwenye njia panda yenyewe, kimoja kila pale anapoweza kukosea, na cha mwisho kwenye mlango wa dharura, si kwenye geti la utawala. Kinatakiwa king'ae kwa taa za gari, maana ajali hazisubiri jua. Ukikosa kimoja katikati umeharibu vyote. Ule mshale wa tatu wa Liuhua, ule mdogo, ndio uliomwokoa mzee. Bila huo tungekata vizuri mara mbili halafu tukapotea.

Na alama yenyewe tuchague H. Msalaba mwekundu una sheria yake. Mikataba ya Geneva inaulinda kwa ajili ya huduma za jeshi na Chama cha Msalaba Mwekundu, ingawa kwetu kila duka la panadoli limejipaka. H inasomeka na Mzambia, Mkongo, Mganda na Mchina wa mkandarasi wa barabara. Na sisi Waswahili tumebahatika, maana hospitali inaanza na H, huduma inaanza na H, na haraka inaanza na H.

Lipo moja bado, nalo ni chungu. Mshale ukimfikisha majeruhi mlangoni halafu mlangoni akaambiwa leta PF3, tumefanya nini? Wakubwa wametangaza mara nyingi kwamba aliyeumia atibiwe kwanza na fomu ya polisi ifuate. Wanatangaza, gazeti linaandika, na dirishani karani bado anauliza "fomu iko wapi?" Majirani Wakenya waliliandika ndani ya Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Na bado Oktoba 2015 kijana aliyegongwa na gari Nairobi alikaa saa 18 ndani ya ambulensi, akipelekwa hospitali hadi hospitali, akaja kufa. Angalieni vizuri jambo hilo, wapenzi wa ambulensi. Gari lilikuwepo, dereva na wahudumu walikuwepo, na Katiba ilikuwepo. Kilichokosekana ni mlango uliojifunga mbele ya watu kwamba huu haumrudishi mtu.

Kwa hiyo ninachotaka mimi si mabati. Nataka H nyekundu iwe na sheria nyuma yake. Hospitali inayotaka alama hiyo ikubali mambo matatu: daktari yupo usiku, PF3 baadaye, fedha baadaye. Isiyotaka ipewe H ya buluu bila aibu, iendelee kutibu malaria mchana, na semi la Mzambia lijue kupita bila kupoteza dakika. Hata kujua kwamba hapa hapana ni msaada. Shemeji alipotezewa muda mara mbili, mara ya kwanza na hospitali isiyoonekana, mara ya pili na kituo kilichoonekana lakini kimelala.

Shirika la Afya Duniani lilisema watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba bara letu ndilo lenye kiwango kikubwa kuliko yote, ingawa magari yetu ni machache. Nilipoisoma ripoti ile nilimtafuta shemeji ndani yake. Hayumo, yeye ni wa 2012. Wapo wengine wa namna yake.

Fedha zetu haziwezi kuijaza nchi. Naomba barabara moja tu, Chalinze hadi Tunduma, na si yote kwa mpigo. Tuanze na mji mmoja. TANROADS ndio wenye barabara kuu na hatuwezi kusimika kitu kwenye hifadhi yao bila kibali. TARURA wana zile za ndani kuanzia 2017. Yaani kwa hatua mia nne na kumi kuna mamlaka mbili, na mimi nahisi ndipo mshale ulipopotelea, katikati yao. Nimeshaandika barua kwa wote wawili. Mmoja amejibu kwamba barua imepokelewa.

Kikao kingine cha jumuiya ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nitarudia pendekezo langu na mnicheke tena mkitaka. Ila kabla ya siku hiyo naomba msaada wa wasomaji wa nyumbani: kila mmoja aende kwenye njia panda ya barabara kuu ya mji wake, saa mbili usiku, taa za gari zikiwaka, aangalie kama mgeni. Ahesabu vibao vyote vyenye mshale, atuandikie hapa vya nani, na kama hospitali imo. Mdogo wangu ameshaanza. Alikwenda juzi pale pale. Gesti zimekuwa nne, mganga amehamia upande wa pili wa barabara na kibao chake sasa kina taa ya sola.

Nawasilisha.